Mtoto Aliyeitwa Majivu

Kwenye mazishi ya Sista Kanario, juu kidogo ya Nkubu, tuligawiwa kijitabu cha ratiba chenye picha yake kwenye jalada, na chini ya picha familia ilikuwa imechapisha majina yake yote manne. Matatu niliyajua. La nne ndilo aliloniambia asubuhi moja, kalamu ikiwa mkononi, kwamba hataki kulisikia hata akiwa ndani ya jeneza. Nadhani mpwa wake fulani alilikuta kwenye karatasi kuukuu ya ubatizo akaona ni heshima kulirudisha. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, ukungu ukishuka kutoka mlimani na kupita katikati yetu polepole, ukimfuta padri, kisha jeneza, kisha ukiwarudisha, nikalikunja lile jalada mara mbili mpaka jina likapotelea ndani ya mkunjo. Hapa pia siliandiki. Mimi nimepita miaka sitini, na katika miaka hiyo nimechuma majani chai, nimepika hotelini, nimeuza viatu vya mitumba Isiolo na kulea watoto wa watu Nanyuki, na sijawahi kumaliza miaka mitatu mahali pamoja. Miji mingi nimeisahau hata harufu yake. Lakini mwaka mmoja nilioishi katika nyumba ya mama huyu haujanitoka. Nikifumba macho naingia ndani yake bila kubisha hodi.

Ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu na jiko la nje, na watu waliiita tu Kwa Sista. Hospitali ilikuwepo mjini, lakini wako wanawake waliopenda kujifungulia mahali panaponuka moshi wa kuni kama kwao, na Sista, ambaye alikuwa muuguzi mwenye kibali kilichotundikwa ukutani ndani ya kioo, aliwapokea. Nilifika mlangoni kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, shule nimeiacha darasa la saba, nikitafuta kibarua cha wiki moja. Alinipa sufuria nyeusi, akasimama kuangalia ninavyoisugua kwa majivu, akasema kuna kitanda nyuma ya jiko. Kazi yangu ikawa kuchemsha maji, kukoroga uji wa wimbi, kupika njahi, yale maharagwe meusi, na ndizi za akina mama, na kila alfajiri kuzoa majivu ya jana kwenye debe na kuyatoa nje. Kati ya jiko na chumba cha akina mama kulikuwa na ukuta wa mbao zilizokauka zikaachana, na kupitia nyufa hizo nilisikia mambo mengi kuliko yale niliyofundishwa shuleni. Zaidi ya yote nilisikia watu wakitafuta majina.

Hilo lilinishangaza kwa sababu kwetu Embu jina halitafutwi. Msichana wa kwanza ni mama wa baba yake, wa pili ni mama wa mama yake, na wavulana vivyo hivyo upande wa mababu, na wengine hufuata foleni hiyo mpaka nyumba ijae. Ukoo wetu ulikuwa na akina Wawira wanne. Kulikuwa na Wawira Mrefu, Wawira wa Mtoni na Wawira wa Mwalimu, na mimi. Mtu akiuliza, "Wawira gani?" alijibiwa, "Yule." Basi nikawa Wawira Yule, na labda ndiyo sababu niliondoka mapema, kutafuta mahali ambapo ningekuwa huyu. Kwa Sista niliwasikia wanawake wa Kimeru wakikaa na vikombe vya bati, wakimwangalia mtoto kana kwamba jina limeandikwa mahali usoni mwake na kinachohitajika ni mwangaza tu. Huyu amekuja mama akiwa bado njiani, ni Kagendo. Huyu ametabasamu akilala, ni Makena. Huyu apewe jina la jirani yule mkarimu, naye jirani alipoambiwa ana ntagu, yaani kuna mtoto aliyeitwa kwa jina lake, alikuja amebeba asali na kulia. Mimi nilikoroga uji huku nimesimamisha masikio, nikitamani kuzaliwa tena upande huu wa mto unaotutenga na Wameru.

Lakini uhuru huo ulikuwa na askari wake, naye ni Sista. Yeye ndiye aliyejaza kile kitabu chenye karatasi za kaboni ambacho nakala zake zilipelekwa ofisi ya serikali ili mtoto apate cheti, na palikuwa na majina aliyoyakataa waziwazi. Baba mmoja alitaka mwanawe aitwe Daktari. "Na hesabu zikimshinda?" Sista akamwuliza. "Mtamwita Daktari wa nini? Wa mbuzi?" Mwingine alitaka Kiangazi, kwa sababu mahindi yake yalikauka mwaka huo. "Nenda ukaite shamba lako hivyo," Sista akamwambia. "Mtoto hakukausha kitu." Mzee Venanzio, aliyetuletea maziwa kila asubuhi, ndiye pekee aliyethubutu kubishana naye. Alikuwa amebatizwa na mapadri wa kutoka ng'ambo enzi za zamani, akapewa jina lao. "Babu yangu aliposikia Venanzio," alisema akimimina maziwa, "alifikiri ni dawa ya minyoo. Alikataa kulitamka mpaka akafa. Sasa hapa Nkubu tuko akina Venanzio wangapi? Hata ng'ombe wangu anajua ni jina la mtu. Sista, jina ni kama kiatu kipya, linauma mwanzo." Sista akamjibu, "Kuna viatu vinauma mpaka mtu anakatwa mguu, mzee. Weka maziwa hapo uende." Wote wawili walicheka, na mimi nilibaki na ule mguu uliokatwa kichwani siku nzima.

Mvua za vuli zilipoanza alikuja Karimi. Alikuwa ameolewa Kangeta, na alishuka kuja kuzaa karibu na kwa mama yake kwa sababu watoto wawili wa kwanza alikuwa amewazika kabla hawajajifunza kukaa. Hakuzungumza sana. Alikuwa na tabia ya kukunja leso za mtoto, kuzikunjua na kuzikunja upya, na mchana mzima nilisikia kupitia ule ukuta sauti ya kitambaa tu. Alijifungua msichana alfajiri moja yenye manyunyu, salama, bila shida yoyote. Nilikuwa natoka jikoni na debe la majivu mikononi nilipomwona mama yake Karimi amesimama nje uani, mvua ikimlowesha kidogo kidogo, kile kitoto kimefungwa kifuani kwake.

"Wewe si wa huku," akaniambia.

"Mimi ni wa Embu, nyanya."

"Una ndugu yeyote hapa? Shangazi? Mtu yeyote?"

"Sina."

"Vizuri. Basi mpe huyu mtoto jina."

Nilisema siwezi, kwetu majina hayatolewi hivyo. Akanisogelea. Alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake njia ya mkato, kwamba wale wawili walipewa majina mazuri, wakaitwa kwa furaha, wakasikika mbali. Huyu apewe jina na mtu wa kupita, asiye na damu yake, tena jina la kitu ambacho hakuna anayekitamani. "Na usichague," akasema. "Ukichagua utachagua zuri." Niliangalia chini nione mahali pa kuficha macho yangu, nikaona debe. "Majivu," nikasema. Lilitoka kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyokuwa nikisema huko ugenini. Yule mama mzee akafumba macho akaitikia kwa kichwa polepole. "Majivu," akarudia. "Hakuna anayerudi kuchukua majivu." Kisha akaingia ndani, akaniacha nimesimama na kitu ambacho dakika moja nyuma kilikuwa takataka.

Sista aliposikia alikuja jikoni kwanza, akanitazama, akapita. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta. "Hii jina siandiki. Mama Karimi, tusikizane. Huyu ataenda shule. Ataitwa kwenye gwaride, mbele ya watu. Ataomba kazi. Nitaandika Purity." Kisha sauti ya Karimi, ambayo sikuwa nimeisikia siku mbili: "Purity ni yule wa kwanza." "Basi Joy," Sista akasema, taratibu zaidi. "Joy ni yule wa pili." Kile kitambaa kikaanza tena, kukunjwa na kukunjuliwa. Sista alitoka akakaa nami jikoni kwenye kigoda, kitu ambacho hakuwahi kufanya, kalamu bado mkononi, na hapo ndipo aliponiambia kuhusu jina lake la kuzaliwa. Baba yake alikuwa amengoja mvulana, na hasira yake aliiandika juu ya mtoto. Alilibeba jina hilo mpaka siku alipoingia chuo cha uuguzi, alipomwambia mwalimu wa kwanza aliyemwuliza kwamba anaitwa Kanario. "Mtu mzima anaona ni neno tu," akasema. "Lakini wewe hujawahi kuitwa ukaona watu wanajizuia kucheka. Kama ningekuwa serikali, mzazi angeleta jina na mimi ningelipima kwanza." Nilimuuliza nani angempima yeye. Alicheka kidogo, akasema uji unaungua.

Mstari wa jina kitabuni ulibaki mtupu siku tano. Sista alisema watapoa, watakuja na jina lenye akili. Karimi hakupoa. Hakulala, aliweka mkono juu ya kifua cha mtoto usiku na mchana, akisema mtoto asiye na jina ni nyumba isiyo na mlango. Maziwa yake yakapungua. Mtoto alinyonya akachoka, akalia kwa sauti nyembamba kama ya mlango wa mbali, na nilipomletea Karimi njahi alinishika mkono akaniuliza, "Wewe ndiye ulimpa. Kwa nini unakubali wamnyang'anye?" Siku ya tano Sista alikwenda Meru mjini kuchukua dawa. Nilipangusa meza yake kama kawaida. Kitabu kilikuwa pale. Mwandiko wangu ulikuwa ndio kitu pekee walimu walichosifu kabla sijaondoka darasani, na nilijua kuiga ule wa Sista, herufi zilizolala kidogo kulia. Niliandika Majivu, nikakandamiza kalamu ili ipite mpaka nakala ya chini kabisa, kisha nikaenda kumwambia Karimi. Alilala usingizi mpaka jioni. Alipoamka alinyonyesha na maziwa yakamwagika mpaka kwenye leso. Sisemi ni jina lililofanya hivyo. Sista mwenyewe alikuwa amenifundisha kwamba maziwa hufuata moyo.

Sista hakunipigia kelele. Aliporudi alifungua kitabu, akakifunga, akanimiminia chai akaniongezea sukari kama mtu anayemuaga mgeni. "Mwandiko mzuri," akasema. Halafu akasema maneno ambayo nimezunguka nayo katika kila mji niliolala. "Umempa mtu mzigo wa maisha yake yote, na wewe utakuwa umeenda zako. Nikikufukuza utaenda, nisipokufukuza bado utaenda, nimekuona. Yeye atabaki nalo. Siku atakayolia kwa sababu yake, utakuwa wapi, Wawira?" Nilifunga nguo zangu kwenye mfuko wa sukari, nikaacha jiko likiwa safi. Nilipopita dirishani Karimi aliinua mtoto nimwone. Sikuwahi kujua kama Sista aliichana ile karatasi. Kwa miaka zaidi ya arobaini, kila niliposikia redioni watu wakibishana kuhusu majina ya siku hizi, mmoja akitaka serikali iyakatae ya ajabu, mwingine akisema mtoto ni wa mzazi wake, niliongeza sauti, nikasikiliza mpaka mwisho, na kila mara nilikuwa upande wa yule aliyesema mwisho. Kichwani nilikuwa na msichana mmoja, amesimama kwenye gwaride, watu wakijizuia kucheka.

Na sasa, chini ya hema la mazishi, tulipokuwa tumemaliza kuzika na wali ukianza kupakuliwa, mwanamume mmoja aliinua kikombe akaita kuelekea kwenye birika kubwa za chai: "Majivu! Huku tumesahaulika!" Hakuna aliyegeuka isipokuwa mimi. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cha zambarau alijibu bila kuinua macho, "Umekunywa vitatu, Mutwiri. Hiyo ni tumbo ama ni tangi?" Watu wakacheka, na aliyechekwa alikuwa Mutwiri. Nilingoja mpaka yule mwanamke akanifikia. Nilipomwambia mimi ni nani aliweka birika chini kwenye nyasi. "Wewe ndiye wa debe," akasema. Kisha akanikumbatia, na nguo zake zilinuka moshi wa kuni. Alinieleza kwamba Sista aliipeleka ile karatasi ofisini yeye mwenyewe, bila kuigusa. Na kila Januari, mpaka Majivu alipoolewa, Sista alipanda kwenda kwao Kangeta na daftari mbili na penseli, akakaa, akanywa chai, akamwuliza, "Nimekuja kuona kama jina limekuumiza." Nilisikia haya nikaangalia mlima usioonekana. Mzigo nilioubandika mimi, aliyepinga ndiye aliyesaidia kuubeba.

"Leo unaenda wapi?" Majivu akaniuliza. Nikasema popote. "Basi twende kwangu Karurumo. Kuna kesi huko, na wewe ndiye shahidi."

Kesi ilikuwa na wiki tatu na ilikuwa imelala kwenye kiti cha sofa, imezungushiwa mito. Majivu aliolewa Embu, na huko, kama nilivyosema, msichana wa kwanza ni mama wa baba yake. Mwanawe Njeru alikuwa amepata msichana wa kwanza. Jina lile nililolitoa ili lisitamaniwe na yeyote sasa lilikuwa limekuwa jina la nyanya, na desturi ilikuwa imelikalisha mahali pa heshima ambapo halingeweza kuondolewa bila kumwondoa mwenyewe. Tulikula nyenyi, chakula cha kwetu Embu, na nduma zilizochemshwa, mvua ikigonga bati, na Njeru na mkewe waliendelea na mabishano yao kana kwamba nilikuwa jirani wa siku zote.

"Desturi ni desturi," Njeru akasema. "Huyu ni mama yangu."

"Na kama mamako angeitwa Choo?" akauliza mkewe, Brenda, msichana mwembamba mwenye macho makali. "Mama, nisamehe, unajua nakupenda. Lakini mimi nataka Ariella. Wataniuliza mtoto anaitwa nani, niseme Majivu? Hata redio inasema majina kama haya yakatazwe."

"Mimi nimewaambia waniache nife nalo," Majivu akasema, akinimenyea nduma. Alisema kwa kicheko, lakini kisu kilikuwa kimesimama.

Brenda akanigeukia. "Ni wewe ulitoa hii jina? Hukuona kingine? Hata sufuria ilikuwa hapo!" Nikacheka, halafu nikamweleza. Nilimwambia kuhusu zile leso, na kuhusu Purity na Joy, na nyumba isiyo na mlango, na maziwa, na kitabu. Njeru alikuwa hajawahi kusikia kwamba mama yake alikuwa na dada wawili waliomtangulia. Nilipomaliza Brenda alikuwa ameweka mkono wake juu ya kifua cha mtoto bila kujua.

"Mama," akauliza baadaye, "hii jina ulilia kwa sababu yake?"

"Darasa la pili nililia. Darasa la nne nikampiga kijana mmoja, yeye ndiye akalia." Majivu akaweka kisu chini. "Nilipomaliza shule nilienda ofisi kulibadilisha. Nikajaza fomu, nikakaa kwenye benchi na watu wengi tu. Karani akatoka akaita, 'Majivu!' Nikasimama haraka. Nilikuwa nimefika mlangoni kwake kabla sijakumbuka kwamba nilikuja kuliacha. Nikamwambia samahani, nimekosea ofisi."

Brenda alicheka mpaka mtoto akaamka, na alipomchukua alikuwa bado anacheka lakini anapangusa macho. Akatembea naye huku na huku, akienda dirishani na kurudi. Kisha akaingia chumbani, akatoka na ile karatasi ya hospitali ambayo ilikuwa imengoja wiki tatu, akaiweka mbele yangu, katikati ya maganda ya nduma.

"Wanasema uko na mwandiko mzuri. Andika Majivu. Halafu Ariella. Ya pili ni yangu, nitamwita nikiwa nimefurahi naye." Njeru akafungua mdomo. "Wewe nyamaza," akamwambia, "umeshinda tayari. Na wewe nyanya, andika polepole. Hii nataka kuiona."

Niliandika polepole. Hakukuwa na kaboni ya kukandamiza wala mwandiko wa mtu wa kuiga, na Majivu alisimama nyuma ya bega langu akinipumulia chai. Nilifikiri kuhusu Sista na serikali aliyotaka kuwa, ile ya kupima kila jina, na nikaona kwamba baada ya kuzunguka kote huko mimi ningetaka sheria moja tu: anayempa mtu jina arudi, akae karibu naye, anywe chai yake, aulize. Nilikuwa bado sijainua kalamu Brenda alipouliza.

"Na utakuja lini kumwona?"

Maisha yangu yote nimekuwa nikilikwepa swali hilo. Nje mvua ilikuwa imepungua, na mtoto alikuwa ananitazama kwa yale macho yao ya wiki tatu, ambayo huangalia kidogo nyuma yako, kama kuna mtu mwingine amesimama hapo.

"Januari," nikasema. "Nitaleta daftari mbili."